Barua ya Wazi kwa Seneti na Baraza la Magavana: Naibu Gavana Apewe Kazi kwa Sheria, Si kwa Hisani

Kwa:
Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Maseneta wa Jamhuri ya Kenya,
Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa wanachama wa Baraza la Magavana.

MINTARAFU: MAJUKUMU YA NAIBU GAVANA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu ofisi ambayo Wakenya wameigharimia tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Ofisi hiyo imo katika kila moja ya kaunti zetu 47, na anayeishikilia anaweza kuamka siku yoyote akaambiwa kwamba yeye sasa ndiye gavana. Hata hivyo, sheria haijampa kazi mahususi ya kufanya siku ambayo gavana yupo ofisini na ana afya njema. Ninawaomba mkirekebishe Kifungu cha 32 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, ili naibu gavana awe na majukumu yaliyoandikwa, yenye bajeti yake, na ambayo bunge la kaunti linaweza kumwita aje ayatolee maelezo.

Katiba ya mwaka 2010 ilimpa naibu gavana hadhi anayostahili. Kifungu cha 179 kinamtaja kuwa naibu wa mtendaji mkuu wa kaunti na mmoja wa wanachama wa kamati kuu ya kaunti, na kinamtaka akaimu kila gavana asipokuwapo. Kifungu cha 180 kinamtaka kila anayewania ugavana ateue mgombea mwenza mwenye sifa zile zile za kugombea ugavana, kisha kinaiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka isiandae uchaguzi wa pekee wa naibu, bali imtangaze kuwa amechaguliwa pamoja na aliyemteua. Kifungu cha 182 nacho kinaeleza kwamba kiti cha gavana kikibaki wazi, iwe kwa kifo, kwa kujiuzulu au kwa kuondolewa, naibu hukichukua kwa muda wote uliosalia. Anayevisoma vifungu hivyo kwa pamoja ataona kwamba waliotunga Katiba walimtaka mtu wa pili mwenye kura za wananchi na uwezo wa kuongoza, wala hawakumtaka karani wa gavana.

Mambo yanaharibikia kwenye sheria iliyofuata. Kifungu cha 32 kinamtaka naibu amwakilishe gavana, kisha kinaliacha kila jukumu jingine katika hiari ya gavana, ambaye akipenda atamkabidhi naibu wizara na asipopenda hatamkabidhi chochote. Muda wa kufanya hivyo haukuwekwa, maandishi hayakuwekwa kuwa sharti, na bunge la kaunti halikuhusishwa. Kwa hiyo gavana, ambaye hana mamlaka ya kumfuta kazi naibu wake kwa kuwa wote wawili walichaguliwa kwa kura moja, ana uwezo kamili wa kumkalisha bila kazi kwa miaka mitano, na asivunje sheria yoyote.

Ni kweli kwamba katika baadhi ya kaunti naibu amekabidhiwa wizara na anaichapia kazi, na magavana waliofanya hivyo wanastahili pongezi. Lakini wizara iliyotolewa asubuhi kwa hiari ya mtu mmoja huweza kuchukuliwa jioni kwa hiari hiyo hiyo, na mara nyingi huchukuliwa pale naibu anapoanza kuonekana sana kwenye mazishi na harambee. Tumewasikia manaibu wakilalamika hadharani kwamba hawaalikwi vikaoni na kwamba ofisi zao hazina fedha za kuendeshea shughuli. Siwezi kusema kila lalamiko lina msingi. Ninachosema ni kwamba mwananchi hana njia ya kujua nani mkweli, kwa sababu hakuna waraka wowote unaoonyesha naibu alipaswa kufanya nini.

Wananchi wenyewe wameshaibandika ofisi hii jina la tairi la spea. Jina hilo huwachekesha watu, ila linampendelea naibu kuliko hali halisi ilivyo, maana dereva mwangalifu huikagua spea kabla ya kushika safari ndefu, akahakikisha ina upepo. Sisi hatuna utaratibu wowote wa kuhakikisha kwamba naibu anayafahamu mambo ya kaunti kabla ya siku atakayotakiwa kuyabeba.

Na siku hiyo imefika mara nyingi. Kaunti ya Nyeri ilimzika Gavana Nderitu Gachagua mwaka 2017, naibu wake Samuel Wamathai akamalizia muhula, kisha Novemba mwaka huo huo Gavana mpya, Wahome Gakuru, akafariki katika ajali ya barabarani, na Mutahi Kahiga akaapishwa kuwa gavana baada ya kuwa naibu kwa muda usiotimia miezi mitatu. Bomet ilimpoteza Joyce Laboso Julai 2019, na Hillary Barchok akachukua usukani. Nyamira ilimpoteza John Nyagarama Desemba 2020, akafuata Amos Nyaribo. Kiambu ilipata gavana mpya Januari 2020, James Nyoro, baada ya nyinyi maseneta kumwondoa Ferdinand Waititu, na Meru ikampata Isaac Mutuma Machi 2025 baada ya Mahakama Kuu kuidhinisha kuondolewa kwa Kawira Mwangaza. Baadhi ya manaibu hao waliorithi kiti, wakiwemo Kahiga, Barchok na Nyaribo, baadaye waliwania kwa majina yao wenyewe mwaka 2022 na wakachaguliwa, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hawa ni watu wasiofaa kupewa dhamana.

Fikirini anachokikuta mtu huyo mezani. Anakuta Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, madeni ya wanakandarasi yaliyolimbikizana, mazungumzo na vyama vya madaktari na wauguzi yaliyofikia nusu, hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinazosubiri majibu, na mawaziri wa kaunti ambao uaminifu wao ulikuwa kwa mwenzake. Ikiwa alikuwa akihudhuria vikao, akisimamia wizara na akisoma ripoti, ataweza kuendelea na kazi wiki ile ile. Ikiwa alikuwa amekalishwa nyumbani, kaunti nzima itamsubiri ajifunze, na mgonjwa aliye kwenye foleni ya zahanati atasubiri pamoja naye.

Kaunti ya Nairobi inahitaji aya ya peke yake. Polycarp Igathe aliapishwa kuwa naibu wa Mike Sonko Agosti 2017 na akatangaza kujiuzulu Januari 2018, akieleza kwamba ameshindwa kupata imani ya gavana ya kumwezesha kuendesha usimamizi wa kaunti. Ninaomba maelezo hayo yatafakariwe, kwa sababu yalitolewa na mtu aliyekuwa amechaguliwa na wapiga kura wa jiji kuu, si na kibarua aliyeajiriwa kwa majaribio. Katiba haikueleza jinsi ya kujaza nafasi ya naibu gavana inapobaki wazi, na ilibidi Mahakama ya Juu, kufuatia maombi ya Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu, itoe ushauri mwaka 2018 kwamba gavana apendekeze jina ndani ya siku 14 na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Nairobi hata hivyo ilikaa bila naibu hadi Januari 2021, takriban miaka mitatu. Katika kipindi hicho gavana alishtakiwa na mahakama ikamzuia kuingia ofisini mwake, pakawa hapana gavana wala wa kumkaimia, na Februari 2020 yakatiwa sahihi makubaliano ya kuyahamishia baadhi ya majukumu makuu ya kaunti kwa serikali ya kitaifa. Sonko alipoondolewa Desemba 2020, Spika wa bunge la kaunti ndiye aliyekaimu, na Anne Kananu, aliyeapishwa kuwa naibu mwezi uliofuata, hakuwa gavana hadi Novemba 2021. Sitaki kudai kwamba naibu mmoja angeliokoa jiji na matatizo yake yote. Ninadai tu kwamba ofisi yenye kazi zake kisheria isingeachwa wazi kwa muda wote huo bila mtu kuona pengo, na kwamba pengo la Nairobi halikuonekana kwa sababu watu walikuwa wamezoea kuiona ofisi hiyo kama pambo.

Kiambu inatupa somo la aina nyingine. Kuanzia Julai 2019 mahakama ilimzuia Gavana Waititu kuingia ofisini wakati kesi yake ya ufisadi ikiendelea, na naibu wake akakaimu kwa miezi kadhaa. Kifungu cha 32 kinamkataza naibu anayekaimu kutumia mamlaka ya gavana ya kupendekeza, kuteua au kufuta watu kazi. Katazo hilo lina busara yake gavana anapokuwa safarini kwa wiki moja, maana hakuna anayetaka kurudi akute baraza lake la mawaziri limepinduliwa. Lakini kwa miezi sita katazo hilo linageuka kuwa kizuizi: waziri wa kaunti akijiuzulu au afisa mkuu akifariki, nafasi haijazwi na gavana aliyezuiwa wala haijazwi na naibu aliyekatazwa. Samburu nayo ilipitia hali ya gavana kuzuiwa ofisini mwaka huo huo wa 2019, kwa hivyo hili si jambo la ajabu lililotokea mara moja likapita.

Najua pingamizi litakalotolewa, hasa na upande wa magavana, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba naibu akipewa nguvu ataanza kampeni ya kukitwaa kiti siku ya pili baada ya kuapishwa. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Wapo manaibu waliotumia ofisi zao kujijenga kisiasa kwa gharama ya kazi, na wapo pia, tuseme ukweli, wanaoridhika kabisa kupokea mshahara bila kazi na wasingependa barua hii isomwe. Lakini tuangalie ugomvi uliofika kwenu. Mwaka 2014 Seneti ilimnusuru Naibu Gavana wa Machakos, Bernard Kiala, baada ya bunge la kaunti kutaka kumwondoa. Juni 2023 ilikuwa zamu ya Siaya, ambako William Oduol, aliyekuwa amemtuhumu gavana wake kwa matumizi mabaya ya fedha, naye aliondolewa na bunge la kaunti na akanusurika mbele yenu. Machi 2024 Seneti ilimwondoa Robert Monda wa Kisii, naibu gavana wa kwanza kuondolewa na Seneti tangu ugatuzi uanze. Ugomvi wote huo ulizuka wakati manaibu hawana majukumu yoyote ya kisheria. Kumnyima naibu kazi hakujaleta amani kwenye kaunti. Naibu asiye na la kufanya ana muda mwingi wa kukutana na mahasimu wa gavana, na naibu asiyepewa nyaraka rasmi atazitafuta kwa njia za pembeni.

Linganisheni na ofisi ya Naibu Rais. Kifungu cha 147 cha Katiba kinamtaja kuwa msaidizi mkuu wa Rais, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inampa kiti cha uenyekiti wa Baraza la Bajeti na Uchumi baina ya Serikali, ambamo serikali ya kitaifa na kaunti hushauriana kuhusu mgawo wa mapato na mikopo. Kazi hiyo Rais hakumpa yeye, ameipewa na Bunge. Wakenya walishuhudia Oktoba 2024 jinsi Rigathi Gachagua alivyoondolewa, kwa kura 281 katika Bunge la Taifa na kisha kwa uamuzi wenu, na Novemba mosi Kithure Kindiki akaapishwa kushika nafasi yake. Majukumu hayo ya kisheria hayakumfanya Naibu Rais ashindwe kuondolewa, na alipoondoka yalibaki pale pale yakimsubiri mrithi wake. Huo ndio mpangilio ninaouombea kaunti, kwamba kazi iwe mali ya ofisi.

Majirani zetu Watanzania nao waliliona hili mapema. Katiba yao, katika Ibara ya 47, inamfanya Makamu wa Rais kuwa msaidizi mkuu wa Rais na kumtaja waziwazi kuwa ndiye anayemsaidia Rais kufuatilia utekelezaji wa siku hadi siku wa mambo ya Muungano. Rais Magufuli alipofariki Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliyeapishwa siku mbili baada ya tangazo la msiba alikuwa ameishikilia ofisi hiyo tangu 2015, na mambo ya Muungano na mazingira yalikuwa chini yake. Nigeria, kwa upande mwingine, imeacha kazi za naibu gavana wa jimbo katika hiari ya gavana kama tulivyofanya sisi, na migogoro ya magavana na manaibu wao huko inafanana na yetu mno.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao wanasheria huupita, lakini kila mwanasiasa anaujua. Mgombea mwenza hachaguliwi kwa sababu ya shahada zake peke yake. Huchaguliwa ili alete kura za kaunti ndogo fulani, za ukoo fulani, za jamii iliyo ndogo kwa idadi au ya upande wa pili wa mto. Wazee hukaa, hujadiliana, huahidiana, na watu wa upande ule huenda vituoni wakijua kwamba wamepata nafasi ya pili serikalini. Mwaka mmoja baadaye wanamwona mtu wao akikaa viti vya mbele kwenye sherehe za Madaraka bila hata kupewa kipaza sauti. Wanachokiona wao ni kwamba wametumiwa. Niliwahi kuhudhuria kikao cha wananchi cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, ambacho naibu gavana alitumwa kukifungua, na mama mmoja akamuuliza ni lini kisima walichoahidiwa kitachimbwa; naibu akajibu kwa upole kwamba ataliuliza swali hilo kwa wahusika. Mama yule alitarajia kwamba mhusika alikuwa mbele yake, na alikuwa na haki ya kutarajia hivyo.

Ninachopendekeza si kikubwa, na hakihitaji kura ya maamuzi. Mswada unaohusu kaunti unaweza kuanzia katika Seneti, kisha ukaenda Bunge la Taifa. Sheria imtake gavana, ndani ya siku 30 za kuapishwa, amkabidhi naibu wizara au jukumu mahususi kwa maandishi, taarifa yake ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Kenya na iwasilishwe katika bunge la kaunti. Gavana abaki na uhuru wa kuchagua jukumu lenyewe, na hata wa kulibadilisha, mradi aeleze sababu kwa maandishi kwa wawakilishi wadi na asimwache naibu mikono mitupu. Naibu mwenye wizara ataweza kuitwa na kamati ya bunge la kaunti kama waziri mwingine yeyote, na naibu atakayeshindwa kuisimamia atajulikana kwa ushahidi badala ya uvumi.

Pamoja na hayo, Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo kisheria huongozwa na gavana na ambalo katika kaunti nyingi hukutana kwa kusuasua, lipewe naibu gavana aliongoze. Hapo ndipo wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake na watu wenye ulemavu hukaa na serikali ya kaunti kujadili mipango ya fedha, na mtu atakayeliongoza kwa miaka miwili hatakuwa mgeni wa hesabu za kaunti. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, za Mkaguzi Mkuu na orodha ya madeni zimfikie naibu kwa haki ya ofisi yake. Fedha za ofisi yake ziwekwe katika fungu linaloonekana, kwa sababu zinapochanganywa na za ofisi ya gavana njia rahisi ya kumwadhibu naibu huwa ni kumnyima mafuta ya gari.

Kuhusu kukaimu, gavana anayeondoka nchini au anayelazwa hospitalini aandike taarifa rasmi ya kuanza na kumalizika kwa ukaimu, nakala ipelekwe kwa spika. Katazo la kuteua libaki kwa safari fupi. Lakini ukaimu ukizidi siku 60 kwa sababu ya ugonjwa au amri ya mahakama, bunge la kaunti liwe na uwezo wa kumruhusu naibu, kwa azimio, ajaze nafasi zilizo wazi kwa idhini ya bunge hilo. Mamlaka ya kufuta watu kazi yasiguswe. Na ule ushauri wa Mahakama ya Juu kuhusu siku 14 na siku 60 uwekewe adhabu, kwa sababu Nairobi imetuonyesha kwamba muda usio na adhabu haumshurutishi mtu.

Ninawaandikia magavana pia, si maseneta peke yao, kwa kuwa wao hawahitaji kusubiri sheria. Gavana yeyote anayesoma barua hii anaweza kumwandikia naibu wake waraka wa majukumu wiki hii na kuutangaza. Baraza la Magavana linaweza kukubaliana juu ya mfano mmoja wa waraka huo na kuupeleka kaunti zote 47. Baadhi yenu mnamaliza muhula wa pili na hamtarudi kwenye debe la ugavana, na baadhi ya manaibu wenu wanajiandaa kulitafuta. Hamna cha kupoteza kwa kuwaachia wanaokuja ofisi iliyonyooka.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na wawaniaji wameanza kupeana ahadi za ugombea mwenza kwenye hoteli na mabomani. Ingekuwa vyema sheria hii ipite kabla ya majina kuwasilishwa, na iongezwe sharti moja: anayewania ugavana, anapompelekea Tume jina la mgombea mwenza, aambatanishe maelezo ya jukumu atakalomkabidhi wakishinda, na maelezo hayo yabandikwe hadharani pamoja na orodha ya wagombea, ili mpiga kura wa upande wa pili wa mto ajue anachopigia kura kabla hajashika foleni.

Wenu mtiifu,
Mpiga kura na mlipa kodi